Mamkubwa Hakula Mbuzi

Mamkubwa wangu alikuwa mwongo. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nataka kumpaka mafuta. Alikuwa mwongo wa kupendeza, wa kukaribishwa kahawa katika kila nyumba ya Shella, hapo kwetu Malindi, na akiondoka watu hubaki wakisema, "Huyu naye!" huku wanacheka. Na kinywa hicho hicho cha uongo ndicho kilichokuja kushika maisha yangu yote. Mwaka nilioposwa palizuka jambo moja la zamani ambalo, katika watu waliokuwa hai, tulidhani yeye peke yake ndiye aliyelijua, na jambo hilo ndilo lililokuwa liamue kama nitaolewa na Omari au nitamwita kaka mpaka kufa kwangu.

Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa bado nasukwa nywele kwa kubembelezwa, na Baba alikuwa dereva wa lori, leo yuko Kilifi, kesho yuko Garsen, kwa hivyo aliyenilea ni Mamkubwa. Yeye hakujaaliwa mtoto. Hakupenda kuulizwa habari hiyo, wala hakupenda kuhurumiwa. Mwanamke mmoja alimwambia hapo mlangoni, "Maskini, Mungu hakukupa," naye akamjibu, "Kanipa huyu, na ulimi wa kukujibu wewe." Yule mwanamke hakurudi tena mpaka Idd.

Miaka hakuihesabu kwa namba. Ukimuuliza jambo lilitokea lini, hukwambia ni mwaka ule paa la nyumba ya kina fulani liliposhuka likamkosakosa bwana harusi, au mwaka ule papa alipokuwa mwingi mpaka paka wakawa wanamkataa. Sisi asili yetu ni Faza, na nilipokuwa msichana nilikuwa na kiu ya kujua wazee wetu walifikaje Malindi. Mara ya kwanza aliniambia babu yake alihama kwa sababu aligombana na kakake juu ya kiunga cha minazi. Mara ya pili akasema alimfuata mwanamke. Mara ya tatu, nasema kweli, akaniambia alikuja kung'oa jino, likang'oka vizuri, akaona mji una baraka akabaki.

"Sasa Mamkubwa, ipi ndiyo ya kweli?"

"Zote. Kwani wewe ukienda sokoni huenda kwa sababu moja?"

Hivyo ndivyo nilivyoijua jamaa yangu, vipande vipande, kila kipande kikiwa na rangi tofauti na nilivyokiona jana. Alikuwa akinichukua mitaani baada ya alasiri, buibui lake limefungwa vizuri, ananionyesha milango. Hapa alizaliwa bibi yako. Hapa ndipo bibi yako aliporudishwa na mumewe kwa sababu ya pilipili. Hapa ndipo mumewe alipokuja kuomba radhi, akakalishwa juani mpaka kanzu ikalowa jasho. Wazungu wa mahoteli wakipita na kaptura zao, yeye husimama katikati ya njia wamzunguke, kisha huendelea pale pale alipokatiza.

Mambo mawili yalikuwa hayabadiliki katika hadithi zake. La kwanza ni kwamba hakuwahi kukosea. Akiweka chumvi mara mbili, basi ni samaki aliyekuja na chumvi yake kutoka baharini. Akipotea njia Kilifi mjini, basi ni Kilifi iliyohamishwa. Neno "nimekosea" sikulisikia kinywani mwake, na wala Baba, aliyemjua tangu alipokuja kuposa, hakulisikia. La pili ni maziwa ya mama yangu.

Hilo alilisimulia kila palipo na harusi, wanawake wamekaa kwenye mikeka wanamenya thumu. "Mdogo wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na maziwa! Huyu hapa alinyonya mpaka akawa hawezi kufumbua mato kwa kushiba." Alipofika kwenye macho, Kifaza kilimtoka tu. "Na bado yakabaki. Pakaletwa mtoto wa watu, kafiwa na mamake siku ile ile ya kuzaliwa, mdogo wangu akampa naye. Kulia huyu wangu, kushoto yule. Kulia huyu, kushoto yule!" Na mikono yake huonyesha, kulia na kushoto. Wanawake husema mashaalla, nami nikajiona mtoto wa mwanamke mkubwa sana. Sura ya Mama ilikuwa imeanza kunitoka, lakini hayo maziwa niliyashika. Mtoto yule wa watu alikuwa nani, sikuuliza, na yeye hakutaja.

Alikuwa na vioja vingine. Sukari aliifungia kabatini na ufunguo akauning'iniza shingoni, kisha akampa mpita njia sufuria nzima ya kaimati. Redio aliigombeza kama mtu aliyekuja kumtembelea: "Hapo umesema uongo," huiambia, yeye! Na nyama ya mbuzi hakuila. Hata Idd, hata harusini, sinia ikija na mbuzi yeye huchota wali wa pembeni. Nilidhani ni meno. Nilipomkatia vipande vidogo vidogo, akausukuma mkono wangu, akasema, "Mbuzi ana haki yake." Nikaona ni uzee huo.

Omari nilimjua kwenye duka la dawa nilikofanya kazi. Alikuwa fundi wa mafriji kwenye mahoteli, vidole havikosi plasta, na mimi ndiye niliyekuwa nikimuuzia hizo plasta. Mwishowe nikagundua anakuja hata siku ambazo hakukatwa. Alikuwa amelelewa Mombasa na shangazi yake, ndugu wa babake, na alipopata kazi Malindi shangazi akahama naye. Kijana mtaratibu, mwenye kucheka kwa haya. Nilimpenda, na sioni aibu kuandika hivyo. Alipoleta posa, Baba alifurahi mpaka akaliosha lori.

Shangazi yake alikuja na wanawake wenzake na sinia za halwa na tambuu. Mazungumzo yakaenda vizuri mpaka akauliza jina la marehemu mama yangu. Baba alipolitaja, shangazi alikiweka chini kikombe cha kahawa.

"Hii ndiyo nyumba yenyewe?" akauliza. "Omari alipofiwa na mamake, mimi nilikuwa nimeolewa Faza, sikuwapo. Niliambiwa ameachwa kwa jirani hapa Shella, mpaka nilipohamia Mombasa nikaletewa. Jirani mwenyewe jina lake ndilo hilo." Kisha akamgeukia Mamkubwa, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti akichambua mchele. "Nawe mimi nimekusikia kwa masikio yangu, kwenye harusi juzi. Kulia huyu, kushoto yule. Si maneno yako hayo?"

Mkono wa Mamkubwa ulisimama ndani ya ungo. Nilimtazama nikingoja jawabu, maana hakuna siku aliyokosa jawabu. Akasema, "Ndiyo maneno yangu," na akaendelea kuchambua.

Halwa ile haikuliwa. Mtu asiyekuwa wa kwetu huenda asielewe, lakini kwetu sisi Waislamu ziwa ni sawa na damu. Mkinyonyeshwa na mwanamke mmoja mkiwa wachanga, nyinyi ni ndugu, na ndugu hawaoani. Baba alinipeleka kwa Maalim wa msikiti wetu, mzee mpole, akanieleza bila kuzungusha. "Kama mamako alimnyonyesha, ni kakako, na umpende kama kaka. Kama hakumnyonyesha, ni mtu baki, na mtaoana kwa kheri. Nani alikuwamo chumbani?"

Mama yake Omari alikuwa kaburini, na mama yangu pia. Baba akasema wakati huo alikuwa njiani na lori, na mambo ya chumba cha mzazi hakuyaingilia. Akabaki yule mmoja.

Nilirudi nyumbani nikamwuliza. Akaniambia, "Nilivyosema ndivyo nilivyosema." Nikamwuliza tena, nikambembeleza, nikampikia mkate wa sinia. Hakuna. Mwisho nikapandisha sauti, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia. "Babu kahama kwa jino! Samaki kaja na chumvi yake! Maisha yote umesema unachotaka, na leo nataka neno moja la kweli huna!"

Nilingoja anirushie sandali. Badala yake akaenda kuizima redio. Ilibaki imezimwa siku zilizofuata. Nyumba ilikuwa kimya mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Mimi nilienda kazini na kurudi, na Omari alikuwa hapiti tena dukani, kwa heshima, na kila mtu aliyeingia kununua plasta alinikata moyo.

Kisha asubuhi moja nikamkuta amevaa, buibui limenyooshwa, mkoba mkononi.

"Ndoo," akaniambia, ndiyo njoo ya kwao. "Nipeleke Marafa."

"Marafa kuna nini?"

"Kuna mtu."

Marafa ni bara, huko kwenye yale mabonde mekundu ambayo Wazungu hupanda magari kwenda kuyapiga picha. Mamkubwa hakuyatazama hata kidogo. Tuliulizana njia mpaka tukafika boma moja la Wagiriama, akatoka bibi kizee mrefu, mwembamba, akasimama, akaweka mikono kichwani. "Hee! Ni wewe? Hujafa?"

"Nife nikuachie nani?" akasema Mamkubwa, na wakashikana pale, wakacheka, wakalia, na wakaanza papo hapo kugombana nani mkubwa kwa mwenzake. Huyo ndiye Mama Kadzo, aliyekuwa zamani akiuza makuti kwetu Malindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika kidevu akanigeuza huku na huku.

Tulipokwisha kunywa maji, Mamkubwa akamwambia, "Mwambie huyu."

"Nimwambie nini?"

"Mbuzi."

Akainuka, akatoka nje, akakaa chini ya upenu ametupa mgongo. Mama Kadzo akamtazama, akatikisa kichwa, akanisogelea.

"Mamako alipokuzaa, mwanangu, ziwa lake lilivimba. Homa kali, mtu hajijui. Ziwa likapasuka, na la pili likafuata, maziwa yakakatika kabisa, hata tone. Wewe mchanga unalia. Na katika homa hiyo hiyo wakaletewa yule mtoto mwingine, yatima, naye analia. Mimi napita na makuti yangu, huyu Mamkubwa wako akanishika mkono. Ana macho mekundu hivi. Akaniuliza, una mbuzi mwenye maziwa? Nikamwambia ninaye, mweupe, pembe moja imevunjika. Akasema mlete, lakini umpitishe mlango wa uani, na mtu asijue."

"Kwa nini mtu asijue?"

"We! Siku zile? Mwanamke akikosa maziwa ya mwanawe husemwa. Watasema ana jicho, watasema ana laana, mume ataambiwa aoe mwingine. Mamako alikuwa akilia hata kuliko nyinyi wachanga. Akamwapisha dadake kwa Msahafu, asitamke kwa kinywa chake, hata mume asijue. Basi mimi huja na mbuzi mapema, huyu hukamua mwenyewe, hachoki kusema bismillahi, huchemsha, hupoza, kisha hukaa amenyoosha miguu, anawapa kwa kijiko. Wewe kwenye paja la kulia, yule kwenye la kushoto."

Nilisikia vizuri, lakini nilimwambia arudie. Akarudia. Kulia mimi, kushoto yeye.

"Na yatima yule hakulipata ziwa la Mama kabla halijavimba?"

"Hata. Aliletwa jioni, mamako keshashikwa na homa. Huyu akakataa hata kujaribu, maana alisema ni kumtesa mdogo wake bure." Kisha Mama Kadzo akacheka. "Mbuzi yule alipozeeka, bwanangu alitaka kumchinja. Huyu akaja mpaka huku analia njia nzima, akasema ukimchinja huyo umemchinja mlezi wa wanangu. Akafa kwa uzee, mbuzi wa watu."

Sikumbuki niliaga vipi ndani ya nyumba ile. Nakumbuka nilitoka, nikaketi chini ya upenu karibu na Mamkubwa, nikaweka kichwa changu begani mwake, nikalia kwa furaha na kwa mama yangu pamoja, yote kwa mara moja. Alinipapasa mgongo.

"Mimi sikusema kitu," akaniambia. "Umeniona nikisema kitu?"

"Sikukuona, Mamkubwa."

"Haya."

Lakini mambo hayakuishia hapo. Shangazi yake Omari alipoletewa habari alisema, na haki alikuwa nayo, "Mwenye mbuzi alikuwa uani. Chumbani alijuaje nini kilifanyika akishaondoka?" Maalim naye akasema kwamba jambo la haramu na halali halikatwi kwa shahidi wa uani kama yuko wa chumbani. Baba aliinama. Nikajua sasa ni lazima Mamkubwa aseme mwenyewe, na nikajua nini ninachomuomba: avunje kiapo cha marehemu, na akiri mbele ya watu kwamba wanawake wote wa Malindi waliomenya thumu naye aliwadanganya. Sikuweza kumuomba. Nilikaa jikoni nikikoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Hakungoja aombwe. Alikwenda kwa Maalim kwa miguu yake, mimi na Baba tukimfuata, na akamwita shangazi yake Omari njiani. Kabla ya kukaa akauliza, "Maalim, mtu akivunja yamini afanye nini?"

"Atoe kafara. Alishe maskini kumi."

"Watalishwa." Akakaa. Akaitengeneza mikunjo ya buibui, akavuta pumzi. "Nilisema uongo."

Baba aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa jina.

"Nilisema uongo miaka yote," akaendelea, na sauti yake ilikuwa ndogo, sijapata kuisikia ndogo vile. "Mdogo wangu hakuwa na maziwa. Hakumnyonyesha yule, wala huyu mwanawe hakumnyonyesha isipokuwa siku zile za mwanzo kabla ya homa. Hawa wawili wamelelewa na mbuzi. Na nilimwapia, na leo nimemvunjia kiapo chake. Nikikutana naye nitamwambia ni kwa ajili ya mwanawe."

Baba alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake. "Mbona hakuniambia?" akasema. "Mimi ningeoa mwingine wa nini?"

Shangazi alikohoa. "Nisamehe, dada yangu, lakini wewe mji mzima tunakujua. Leo tutajuaje kama huu nao si uongo?"

Maalim ndiye aliyejibu. "Mimi nimemsikia akidanganya tangu sijaota ndevu," alisema, "na sijapata kumsikia akidanganya kwa kujiaibisha. Na Mama Kadzo amesema yale yale. Mimi nimeridhika." Kisha akatabasamu. "Na mbuzi, jamani, hamfanyi mtu kuwa ndugu wa mtu. Vinginevyo nusu ya Malindi isingeoana."

Shangazi aliangua kicheko, akajifuta macho, akamsogelea Mamkubwa. "Mbona siku ile ya posa hukusema?"

"Ungemsema mdogo wangu."

Shangazi akafikiri. "Ningemsema," akakubali, akamshika mkono.

Maskini walilishwa uani kwetu. Mamkubwa alipika peke yake, akatufukuza wote jikoni, akaweka wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na chumvi ikazidi. Akasema ni samaki. Tulipomsikia tukajua amepona, na jioni hiyo redio iliwashwa ikagombezwa kama kawaida. Harusi yangu na Omari haikuchelewa. Paliliwa mbuzi, na Mamkubwa akachota wali wa pembeni, na safari hii mimi na Omari tukakaa naye tukachota wali wa pembeni vile vile.

Ile miaka ya themanini ilikuwa inakwisha nilipompelekea mtoto wangu wa kwanza, binti, bado anatoa harufu ya udi. Mamkubwa alikuwa hatoki tena. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na nilikaa mbali naye kidogo kwa sababu Omari alikuwa amepata kazi kwenye hoteli moja huko Vipingo. Chumba kilijaa wanawake waliokuja kumwona mtoto, wengine vijana ambao mama yangu hawakumjua hata kwa jina, na shangazi yake Omari alikuwamo, ameshika kikombe chake.

Nilimlaza mtoto mapajani mwa Mamkubwa. Alimpapasa miguu, tumbo, paji la uso, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Maziwa yapo?"

Mimi mwenyewe siku za kwanza hayakutoka, na nilikuwa nimeogopa kwa hofu ambayo nadhani niliirithi. "Yapo, Mamkubwa. Tele."

Akapumua. Kisha akainua uso, na nikaona ule mng'aro wake wa zamani unampanda shavuni, na nikajua kinachokuja.

"Nyinyi msishangae," akawaambia wanawake. "Hii ni asili. Mamake huyu, Mungu amrehemu, alikuwa na maziwa! Kulia huyu..." Mkono wake wa kushoto uliinuka kwa mazoea, ukasimama hewani. Akaufikiria. "Na kushoto huyu huyu!"

Wanawake wakasema mashaalla. Mamkubwa akanigeuzia macho yake yale yasiyoona, na akafanya jambo ambalo kwa miaka yote hakumfanyia mtu. Akaomba shahidi.

"Si kweli, mwanangu?"

"Kweli, Mamkubwa," nikasema. "Nilikuwa nikishiba mpaka nalala na ziwa mdomoni."

Shangazi alikitazama kikombe chake kwa kitambo. "Hata mimi ndivyo nilivyosikia," akasema, akaomba aongezwe kahawa.